Kutu inarudi palepale juu ya nikeli ya gramafoni: nichovye upya au niache?

#1 Kinanda_Kizee
Wakuu, salaam. Nina gramafoni ya mezani ya Victor, ile aina ambayo tarumbeta limefichwa ndani ya sanduku. Sanduku ni la mwaloni, lipo vizuri, na mota inazunguka bila kelele. Kinachoninyima raha ni vyuma vya nje: mkono, kisanduku cha sauti kinachobeba sindano, kona za mfuniko, na ukingo wa sahani ya santuri. Vyote vilichovywa nikeli kiwandani, yaani vilipewa tabaka jembamba la nikeli kwa umeme ndani ya beseni.

Ukingo wa sahani niliufuta kutu mpaka ukang'aa. Baada ya muda vidoa vikarudi palepale, vidogo mno, kila kimoja na duara la kahawia pembeni yake. Mkono hauna kutu, ila kwenye maungio kuna ukungu wa kijani. Na flanji ya nyuma ya kisanduku cha sauti, yaani kile kipande cha duara kinachokishikiza kwenye mkono, ina ufa mwembamba kuanzia tundu la skrubu kwenda pembeni.

Naomba wajuzi mnieleze: kwa nini kutu inarudi palepale? Na je, nipeleke vyote vikachovywe upya, au kufanya hivyo ni kuiua mashine?

#2 Sindano78
Naweka kambi hapa. Yangu ina ugonjwa huohuo.

#3 MfuaShaba
Mkuu, una metali tatu tofauti na unaziuliza swali moja. Ukingo unaota kutu ya kahawia, hicho ni chuma chini ya nikeli. Mkono unaota kijani, hiyo ni shaba ya njano. Flanji inayopasuka bila kuota chochote cha maana, hiyo karibu hakika ni zinki ya kumimina. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwenzake.

Nianze na ukingo. Watu hudhani nikeli inalinda chuma namna zinki inavyolinda bati. Sivyo kabisa. Zinki huliwa yenyewe ili chuma kipone. Nikeli haijitoi. Ni pazia tu, na pazia likitoboka chuma kilicho chini huoza haraka kuliko kingekuwa wazi, kwa sababu unyevu ukiingia kwenye kitundu, nikeli na chuma hufanya kazi ya betri na anayeliwa ni chuma. Ndiyo maana kidoa kinarudi palepale. Kitundu hakikuhama. Na kila unapong'arisha unapunguza unene wa nikeli na kufungua vitundu vingine.

#4 Kutu_Basi
Nakubaliana na #3 kuhusu vitundu, ila sikubali kwamba hiyo ndiyo sababu ya kurudi haraka. Vitundu vimekuwepo miaka yote. Mbona kutu imeamka baada ya kufutwa? Kinanda_Kizee, ulifutia nini?

#5 Kinanda_Kizee
Siki kwenye kitambaa, kisha maji safi, nikakausha, nikapaka mafuta ya cherehani. Mkono niliufuta kwa dawa ya kung'arishia shaba, ile yenye harufu kali ya amonia.

#6 Kutu_Basi
Basi jibu ni hilo. Siki imezama kwenye vitundu na maji ya juujuu hayakuitoa. Asidi iliyobaki ndani inaendelea na kazi chini ya mafuta yako. Ukitumia siki kwenye kitu kilichochovywa lazima uizimue kwa maji yenye magadi kidogo, usuuze tena, kisha ukaushe kwa joto la upepo, si kwa kitambaa peke yake. Kitambaa hakiingii kwenye kitundu.

#7 Bintizamani
Samahani wakubwa, nyote mnatazama chuma, hakuna anayetazama sanduku. Ni la mwaloni. Mbao ya mwaloni hutoa mvuke wa asidi, ileile iliyomo kwenye siki, na huendelea kuutoa miaka mingi baada ya kuchongwa. Watunza makumbusho wanalijua hili vizuri, hawaweki vitu vya risasi kwenye makabati ya mwaloni kwa sababu hugeuka unga mweupe. Sasa gramafoni inafungwa mfuniko, mvuke unakaa humo, chuma kinaoga usiku kucha.

Mimi nina mashine mbili za mwaloni. Ile ninayoiacha mfuniko umeinuliwa kidogo haina vidoa vipya. Ile iliyokaa imefungwa kwenye stoo ndiyo iliyoharibika.

#8 MfuaShaba
Dada, kuhusu risasi uko sahihi, na zinki nayo haiupendi mvuke huo. Lakini Victor waliuza mashine za aina hiyohiyo kwa mahogani pia, na za mahogani nazo nimeziona zimejaa vidoa. Na stoo yenyewe je? Huenda mashine yako iliharibiwa na unyevu wa stoo, mfuniko ukasingiziwa.

#9 Bintizamani
Huenda. Ila mahogani nayo haijasafishwa na tuhuma za asidi, inatoa pungufu tu.

#10 Mchovyaji
Nimefanya kazi ya kuchovya metali muda mrefu, naomba niongeze kitu ambacho hakijasemwa.

Nikeli ya zamani haikutoka kwenye beseni ikiwa inang'aa. Ilitoka na rangi ya kijivu iliyopooza, ndipo fundi akaipeleka kwenye gurudumu la kitambaa na kuisugua mpaka ing'ae. Beseni linalotoa nikeli inayong'aa yenyewe lilienea miaka ya 1930 na kuendelea. Sasa fikiria gurudumu linapogusa sahani. Katikati pametulia, lakini ukingo unapigwa zaidi, nikeli inabaki nyembamba pale pembeni. Angalieni mashine zenu: kutu inaanzia kwenye kingo, kwenye pembe na kuzunguka matundu ya skrubu. Hiyo si bahati mbaya.

Pili, sehemu nyingi za chuma nilizozivua nikeli hazikuwa na tabaka la shaba nyekundu chini. Ukitanguliza shaba, vitundu vya tabaka la kwanza na vya la pili ni nadra kukutana. Nikeli ikiwekwa moja kwa moja juu ya chuma, kitundu kimoja kinatosha.

#11 Kutu_Basi
Mchovyaji, umeeleza kwa nini kutu *ipo*. Bado hujaeleza kwa nini *imerudi haraka*.

#12 Mchovyaji
Kwa sababu ameondoa kizibo. Kutu ya zamani ilikuwa imeziba kitundu, kavu, imetulia. Siki ikaizibua.

#13 Mzee_wa_Hendeli
Wanangu, nawasoma. Mimi ya babu yangu ni ya mwaka 1912 na haijawahi kuota hata kidoa. Ni kromu tupu, inang'aa buluu. Zamani walijua kazi.

#14 Mchovyaji
Shikamoo mzee. Kromu ya mapambo ilianza kutumika viwandani katikati ya miaka ya 1920. Mashine ya 1912 ilitoka na nikeli au, kama ilikuwa ya gharama, dhahabu. Ikiwa yako inang'aa buluu, kuna mtu aliichovya kromu baadaye, au mwaka si huo. Nikeli ina joto kidogo, inaelekea unjano. Iweke karibu na kijiko cha kisasa uone.

#15 Sindano78
Mzee, usimwambie babu.

#16 Mzee_wa_Hendeli
Marahaba. Babu alikuwa na hela na alikuwa mtu wa kupenda mng'aro, huenda aliipeleka mwenyewe. Lakini mnaona hoja yangu: aliyeichovya upya hakuiua mashine, ameiokoa.

#17 Mwanakemia
Narudi kwenye ufa wa flanji maana hapo ndipo penye haraka kuliko kutu.

Zinki ya kumimina ilikuwa rahisi kuiyeyusha na kuipa umbo, kwa hiyo watengenezaji waliipenda kwa vipande vyenye umbo gumu. Tatizo ni uchafu, hasa risasi iliyochanganyika humo kwa kiasi kidogo. Unyevu ukipita kwenye mipaka ya chembe za metali, mipaka hiyo inaliwa kutoka ndani. Kipande kinavimba, kinapinda, kinapasuka, mwishowe kinavunjika kwa kidole. Mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ilileta aloi ya Zamak, iliyotumia zinki safi ya asilimia 99.99, na hapo ugonjwa ukapungua sana. Vya kabla ya hapo ni bahati nasibu: kipande kimoja kizima, ndugu yake aliyemiminwa siku nyingine kimeoza.

Ufa wa kutoka kwenye tundu la skrubu ni dalili ya kawaida. Usikaze skrubu hiyo tena.

#18 Kutu_Basi
Mimi nilisikia huu ugonjwa unaambukiza, kipande kimoja kikikaa karibu na kingine. Na baridi ndiyo inauamsha.

#19 Mwanakemia
Hapo umechanganya na bati la kulehemia, yaani stani. Stani safi ikikaa kwenye baridi chini ya nyuzi 13 inaweza kugeuka unga wa kijivu, na kweli unga huo huchochea sehemu nyingine kugeuka. Zinki haiko hivyo. Haiambukizi, na adui wake ni joto na unyevu vikikutana. Baridi kavu haiidhuru.

#20 Bintizamani
Na mvuke wa asidi?

#21 Mwanakemia
Mvuke wa asidi unaila zinki kwa juu, ndiyo. Ufa wa ndani ni habari nyingine. Lakini siwezi kukukatalia kwamba sanduku lililofungwa linaongeza kasi, maana linafunga unyevu pia. Kuvitenganisha hivyo viwili ni kazi.

#22 Kinanda_Kizee
Shukrani nyingi. Mwanakemia, ufa naweza kuulehemu?

#23 Mwanakemia
Hapana. Zinki safi inayeyuka nyuzi 419, na mchanganyiko huu chini ya hapo. Utaona imekaa vizuri, imekaa vizuri, kisha ghafla imekuwa uji. Usiiloweke kwenye siki, itatoa mapovu na kuyeyuka. Usiiloweke kwenye maji ya magadi makali, nayo yanaila. Usijaribu kuinyoosha kama imepinda. Ukitaka kuinunulia muda, ikaushe vizuri, ingiza gundi ya epoksi nyepesi kwenye ufa, iache. Dawa ya kweli ni flanji nyingine, na wapo wanaozichonga kwa shaba ya njano.

Jambo jingine. Kama kisanduku cha sauti kimekwama kwenye mkono, usikizungushe kwa nguvu. Flanji ikivimba inaukaba mkono. Wenye visanduku vya Orthophonic vya Victor, vilivyotoka mwaka 1925, wanalijua hili kwa machozi: vingi vimevimba na kuganda, na anayelazimisha anabaki na vipande mkononi.

#24 FundiSaa
Naongezea kwenye #23. Ukifungua kisanduku cha sauti kama cha Kinanda_Kizee, si cha Orthophonic, kuna kiwambo cha maika, madini yanayobanduka kwa matabaka, chembamba, kinapita mwanga. Kimekaa kati ya mirija miwili ya mpira, na mpira huo leo umekauka ukawa mgumu. Watu wanachovya ganda la nje, wanalirudisha likiwa jipya, na mpira wanauacha uleule. Sauti inatoka ya kukwaruza kisha wanamlaumu mchovyaji. Badilisha mpira kwanza, kwa ulio laini, ukizunguka bila kubana maika. Kwenye kisanduku kizuri ukigusa ncha ya sindano kwa ukucha, kiwambo kinaitika wazi.

#25 Sindano78
Tuache kuumiza vichwa. Ndoo ya plastiki, maji, magadi, chaja ya betri ya gari. Kutu yote inatoka yenyewe. Nani ameshajaribu kwenye gramafoni?

#26 MfuaShaba
Wengi, na ni njia nzuri kwa kipande sahihi. Kipande chako kwenye hasi, bamba la chuma cha kawaida kwenye chanya. Ukigeuza waya, kitakacholiwa ni kipande chako. Bamba lisiwe la stili isiyoota kutu, kwa sababu ina kromu na maji yatabaki na sumu inayosababisha saratani. Fanyia nje, maana hewa inayotoka ni haidrojeni, cheche moja inatosha.

Chuma cha kumimina na chuma kisicho na rangi, sawa. Zinki na alumini, hapana. Chenye nikeli kinataka uangalifu: haidrojeni inatokea hata chini ya tabaka pale lilipoachia, na nikeli iliyolegea inatoka kama maganda. Kama unataka kuichovya upya haina shida. Kama unataka kuihifadhi, usithubutu.

#27 FundiSaa
Na springi kuu isiingie kwenye ndoo hiyo kamwe! Chuma kilichokazwa kinainywa haidrojeni na kuwa chepesi kuvunjika, unaitia ufunguo mara ya kwanza inakatika. Springi inafutwa kwa mafuta ya taa na kitambaa, kisha inapakwa grisi yenye grafati. Na kabla hujaitoa mota kwenye sanduku, iache izunguke mpaka springi imalize nguvu zote. Springi iliyojaa ikikuponyoka inakata vidole. Sisemi kukutisha. Iheshimu.

#28 Kinanda_Kizee
Asante mkuu, springi siigusi. Je, ukijani wa kwenye mkono? Nimesema nilitumia dawa yenye amonia. Kuna ubaya?

#29 MfuaShaba
Upo. Amonia inayeyusha shaba. Pale nikeli ilipoisha utaona shaba inageuka waridi, na ukiisahau kwenye maungio ndiyo inakuletea kijani au bluu. Suuza, kausha, na kwa siku zijazo tumia sabuni laini na maji ya vuguvugu, kijiti cha mbao kilichochongwa kwa ajili ya maungio, basi.

Wenye matarumbeta ya nje ya shaba wanisikilize zaidi. Bamba la tarumbeta ni jembamba na lilipata umbo kwa kusukumwa likiwa baridi, kwa hiyo limebeba mkazo ndani yake. Shaba yenye mkazo ikikutana na amonia inapasuka yenyewe. Jeshi la Uingereza kule India lilihangaika na jambo hili: maganda ya shaba ya risasi yalipasuka ghalani msimu wa mvua, na chanzo kikaja kujulikana ni amonia ya mazizi ya farasi. Maelezo kamili ya kitaalamu yalitoka mwaka 1921. Tarumbeta lako na ganda la risasi ni shaba ya ukoo mmoja.

#30 Mzee_wa_Hendeli
Kwa hiyo gramafoni isilale na farasi.

#31 Bintizamani
Mzee, hapa farasi ni chupa ya dawa ya kung'arishia.

Na kwa wenye tarumbeta la shaba linalong'aa mno kwenye sanduku la pembe nane na kibati chenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni: kagueni kabla ya kuhangaika na amonia. Zipo nyingi zilizounganishwa juzi kwa mota ya mashine ya kubebeka na tarumbeta jipya. Skrubu za msalaba, chuma kilichotobolewa bila kusawazishwa, kibati kimegongwa misumari. Hizo ng'arisheni mpendavyo.

#32 Kutu_Basi
Swali la pembeni: bamba la chini la mashine yangu ya Edison ni jeusi lenye mistari ya dhahabu. Limefifia. Nalisafishaje?

#33 FundiSaa
Nyeusi hiyo ni rangi ya lami iliyookwa tanuruni, ngumu kwelikweli. Mistari na maandishi ya dhahabu yapo juu yake, na juu ya hayo kuna ulinzi mwembamba mno. Usiguse na spiriti, dhahabu itakuja yote na kitambaa. Mafuta mepesi ya mashine kwenye pamba, unapita taratibu kwenye nyeusi tu, ukiona njano kwenye pamba unasimama. Spiriti hiyohiyo isikaribie santuri zako za mizunguko 78 kwa dakika pia, zimetengenezwa kwa shelaki na spiriti inaiyeyusha.

#34 Kinanda_Kizee
Turudi kwenye swali la pili tafadhali. Nichovye au nisichovye?

#35 Mzee_wa_Hendeli
Chovya. Mashine ilitoka kiwandani inang'aa, na aliyeitengeneza alitaka ing'ae. Kutu si heshima kwa mtu yeyote.

#36 Bintizamani
Usichovye. Ile nikeli ni ya siku ilipozaliwa na haitarudi tena. Nilipeleka kisanduku cha sauti kwenye karakana moja, kikarudi kinang'aa kama kioo na maandishi ya mtengenezaji yamebaki vivuli. Hawakukosea kuchovya. Walisugua. Kabla ya kuchovya lazima usugue mpaka vishimo vya kutu viishe, na gurudumu halijui kusoma. Herufi zinapunguzwa, pembe zinakuwa duara, matundu ya skrubu yanapanuka mdomo. Namba ya kipande ikishafutika, nani atakuambia hicho ni kipande gani?

#37 Mchovyaji
Dada amesema kweli tupu, na inategemea fundi. Anayejua anasugua kwa mkono kuzunguka maandishi na anakubali vishimo vichache vibaki. Mkienda kuchovya mwambieni mambo haya waziwazi: nikeli bila kromu juu, kwa sababu wengi humalizia na kromu kwa mazoea na mashine inageuka kuwa bafu. Tabaka la shaba litangulie kwenye chuma. Ombeni nikeli iliyopooza kisha isuguliwe kwa kitambaa, ndiyo inakaribia ya zamani. Skrubu msizipeleke pamoja, nyuzi zake zikiongezewa unene haziingii tena. Na kama kuna skrubu za bluu, hizo hazikuchovywa, zilipashwa moto: chuma kisafi kinapita njano, kahawia, zambarau, halafu kwenye nyuzi kama 300 kinakuwa bluu, unakitoa hapohapo.

Dhahabu msiiguse. Ni nyembamba mno, sabuni na maji tu. Dawa yoyote ya kung'arisha inaondoka nayo.

#38 MfuaShaba
Mimi niko katikati. Ukingo wa sahani uchovywe ikiwa nikeli imechomoka kwa mabaka. Kwa vidoa tu, tone la mafuta mepesi juu ya kila kidoa, yalale usiku, asubuhi unakwangua kwa kipande cha shaba kilichonolewa bapa. Shaba ni laini kuliko nikeli, haiachi mkwaruzo, lakini ni ngumu kuliko kutu iliyolowa. Utaona kidoa kinaachia kama ganda na chini yake kishimo cheusi. Kiache cheusi. Kausha, paka nta ngumu, sugua. Msasa hapana, waya wa kusugulia sufuria hapana.

#39 Kutu_Basi
Nta bila kuzimua siki ni kufungia mwizi ndani.

#40 Kinanda_Kizee
Wakuu, nimewaelewa japo hamjaelewana. Kona mbili za mfuniko nitazizimua kwa magadi, nizikaushe, nizipake nta. Moja nairudisha ndani ya sanduku la mwaloni, nyingine nje juu ya rafu. Ile ya ndani ikiota kutu peke yake, Bintizamani ameshinda. Flanji naagiza ya shaba.

#41 Mwanakemia
Zikague kwanza kwa lenzi kama zina vitundu sawa. Kona ya mbele hushikwashikwa kila mfuniko unapofunguliwa, ina jasho la vidole na nikeli yake imelika zaidi. Ukilinganisha ya mbele na ya nyuma utakuwa umepima vidole vya watu, si mwaloni.

#42 Bintizamani
Chukua zote mbili za nyuma. Na rafu iwe chumba kilekile, MfuaShaba asije akasingizia stoo.